Orodha ya Pili

"Jina lako halimo, mama."

Karani wa dirishani alisema hivyo macho yakiwa kwenye kompyuta. Mshonaji akadhani hakusikia vizuri, akainama mpaka sikio likagusa kioo.

"Halimo wapi?"

"Kwenye wategemezi wa mumeo. Mumeo si mtunza stoo wa hapa kiwandani?"

"Ndiye."

"Basi nimemchagua huyu hapa juu, na chini yake wanatoka watu wake. Mke, miaka ishirini na tisa." Akalitaja jina la mke huyo, majina yote matatu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa walioko nje. "Mapacha wa kiume, miaka mitatu. Mama mkwe, miaka hamsini na mmoja. Wanne hao, nafasi zimejaa."

Nyuma ya mshonaji, kwenye benchi, walikuwapo watu saba, na benchi la zahanati halina kazi nyingine zaidi ya kusikiliza. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba aibu nayo inaambukiza.

"Dada, hebu tazama tena. Mimi nina miaka kumi na tisa kwa huyu bwana. Nina mabinti wawili. Mapacha siwajui."

"Zamani za kadi ungeniambia nimepekua vibaya, ningekubali. Hii inatoa yenyewe, mama." Halafu karani akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Kazungumze na mumeo taratibu. Mimi nikikugongea muhuri na jina halimo, kesho kiti hiki sikikalii."

Mshonaji alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya mahindi, sasa ulikuwa kama limau, na chakula kikavu kilikuwa hakipiti mpaka anywe maji. Daktari mpasuaji alikuja zahanati ya kiwanda mara moja kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa Jumanne inayofuata. Bila karatasi iliyogongwa muhuri dirishani, daktari huyo hakuoni hata ukilia. Na ile ilikuwa Jumatano.

Alirudi nyumbani kwa miguu, begi lake la karatasi za hospitali amelikumbatia. Alijaribu kumkasirikia mumewe akashindwa, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa. Ile orodha aliitengeneza mumewe mwenyewe, kwa mikono yake. Mtu gani mwenye akili zake anamficha mwanamke halafu anakwenda kumwandika dirishani ili asomwe kwa sauti?

*

Kiwanda kilikuwa cha sabuni. Mtunza stoo alipelekwa mafunzo ya kompyuta ya siku kumi kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliporudi na daftari lake la kava gumu wakaanza kumwita Injinia, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania, naye akaitikia kote kote. Meneja akampa kazi ya kuzitia fomu zote za wafanyakazi kwenye kompyuta, kadi za zamani zifungwe kamba ziwekwe kabatini.

Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Kwenye kioo kuna visanduku viwili. Cha kwanza kina kishale kidogo. Ukikibonyeza inadondoka orodha ya wafanyakazi wote, unachagua mmoja. Cha pili nacho kina kishale chake, ila hiki hakitakiwi kuonyesha kila mtu. Kinatakiwa kumfuata wa kwanza: ukichagua dereva, watoke wategemezi wa dereva tu. Injinia alihangaika na kisanduku cha pili wiki tatu. Siku kilipokubali alimchagua meneja, wakatoka mke wa meneja na watoto wake watatu. Akafunga, akafungua, akamchagua meneja tena. Kila alipojaribu alimchagua meneja, kwa adabu tu, aliona si vizuri kumtanguliza mtu mwingine. Siku ya kuonyesha, meneja aliona familia yake imepangwa vizuri akapiga makofi, na watu wote wakapiga makofi. Jumatatu, siku mbili kabla mshonaji hajaenda, orodha ikapelekwa dirishani.

*

Jioni hiyo mumewe alipofika, mshonaji alikuwa kwenye cherehani anapiga pindo la sketi ya shule. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, na mdogo wa mume, ambaye alikaa nao chumba cha uani tangu aanze kutafuta kazi, alikuwa mlangoni anasafisha viatu.

"Umepata muhuri?" mume aliuliza.

"Sikupata. Niliambiwa nafasi yangu ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mshonaji akamtajia, majina matatu yote, bila kuacha kukanyaga cherehani. Akataja mapacha. Akataja mama mkwe. "Nikasema labda ni wewe, mama," akamwambia mama wa mumewe, "lakini umri walioutaja si wako. Ni mama wa huyo binti."

Mama mkwe aliacha mkono ndani ya maharage. "Mapacha?"

"Wa kiume."

"Mwanangu hana tabia hiyo," mama mkwe alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Au unayo?"

"Mama, jamani. Huyo mwanamke mimi simjui."

"Kaka hadanganyi," mdogo wake akadakia. "Mapacha atawapatia wapi na mshahara ule? Hata mimi mmoja anashindwa kunilisha."

Hakuna aliyecheka. Mume alikaa kitini, akavua kofia, akaivaa. Alikuwa amechanganyikiwa kweli, na aliyekuwa akimtazama vizuri angeona hivyo. Ila mshonaji, ambaye alimtazama vizuri kuliko wote, aliona na kitu kingine. Mtu asiye na kosa angepandisha sauti. Huyu alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi nimo?" mshonaji akauliza.

"Nini?"

"Kwenye ile orodha yako. Tuache huyo binti. Mimi uliniandika?"

"Kesho nitakwenda kuiangalia," mume alisema. "Nitaiangalia mashine. Itakuwa mashine."

Usiku ule walisali pamoja kama kawaida, kila mmoja akimwombea mwenzake kwa maneno yale yale ya siku zote, na mshonaji alihisi maneno hayo yanapita shingoni kwake kwa shida kama chakula.

*

Alhamisi saa ya chakula mtunza stoo alikwenda dirishani karani akiwa ametoka. Akaifungua orodha, akachagua jina lake. Wakatoka wanne, na kwenye hao wanne hapakuwa na mwanamke wa miaka ishirini na tisa wala mapacha. Akafunga, akafungua, ikawa vile vile. Kama ingemwonyesha huyo mwanamke angejua kuna kosa, angelitafuta. Sasa ilimwonyesha sawasawa kama alivyoandika, na kuwa sawasawa huko ndiko kulikomtisha.

Jioni akamwambia mkewe, "Nimeona kwa macho yangu. Hakuna mwanamke mwingine."

"Na mimi?"

"Nenda kesho. Mapema." Akaingia kuoga.

Mshonaji alibaki ameshika taulo aliyotaka kumpa. Mumewe hakuwa mwongo. Miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukimwuliza jambo mara mbili lazima ajibu. Safari hii ameulizwa mara mbili na hakujibu.

*

Ijumaa alifika saa mbili kasorobo akakuta benchi limeshajaa. Mbele yake walikuwa wanne. Hakuwa na wa kuzungumza naye, kwa hiyo alifanya anachokijua, alitazama.

Wa kwanza dirishani alikuwa mlinzi wa lango la nyuma, bado na koti lake la zamu. Alizungumza kidogo na karani, muhuri ukalia, akachukua karatasi akaipeleka chumba cha sindano, akaondoka zake kwenda kulala. Wa pili alikuwa mpakiaji wa sabuni, yeye mwenyewe mgonjwa, wala hakuulizwa wategemezi. Muhuri ukalia. Wa tatu alikuwa mwanamke mnene, mke wa dereva, na mguu umefungwa bandeji.

"Dereva," karani alisema, akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mama, wewe ndiye huyu?" Akalitaja jina, majina matatu.

Mshonaji alilisikia kwa mwili mzima. Ni lile lile.

"Mimi siye huyo," mke wa dereva alisema polepole.

"Basi jina lako halimo. Yumo mke huyu, na mapacha."

Mke wa dereva hakubisha. Hakuuliza hata neno moja. Alikunja karatasi yake mara nne, akageuka, akaanza kuelekea mlangoni akiburuta mguu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa anasubiri habari hiyo miaka mingi.

"Dada, subiri," mshonaji akasimama. "Usiende. Huyo mwanamke ametajwa hata kwangu."

Benchi zima likageuka.

"Kwako lini?" karani aliuliza, na safari hii aliinua macho.

"Juzi. Wewe mwenyewe ulinisomea. Mtunza stoo, ukanipa huyo huyo na mapacha wake."

Karani alivua miwani. Ukweli ni kwamba jina lile alikwisha kuliona mara tatu wiki hiyo chini ya wanaume watatu, na akilini mwake alikuwa amemhukumu binti wa watu kuwa ana wanaume mji mzima. Hakumwambia mtu, alilibeba mwenyewe kama siri ya ofisi. "Nilidhani," alianza, akaona haya kumalizia.

"Na mimi," sauti ikatoka pembeni. Alikuwa binti mwembamba aliyeshika kitoto. "Jana. Nikaondoka. Mpaka sasa sijamwambia mume wangu, nimehamia kwa mama."

"Mungu wangu," karani alisema. Akalitaja jina lile kwa nguvu, si kwa kuita, ni kama mtu anayelaumu.

Mlango wa chumba cha sindano ukafunguka. Akatokea mwanamke kijana, kitenge begani, mapacha wawili wanalia, kila mmoja ameshika upande wake. "Nipo," alisema. "Samahani, huyu alikuwa anamng'ang'ania nesi. Kuna nini?"

Watu walimtazama wasijue waanzie wapi. Mke wa dereva alirudi hatua mbili amtazame vizuri.

"Mumeo nani, mdogo wangu?" mshonaji aliuliza.

"Mlinzi wa lango la nyuma. Ametoka hapa sasa hivi. Watoto wana sindano za siku saba, leo ya tano." Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mnaniangalia hivyo? Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Tumekuoza kwa waume zetu wote, ndiyo tunaona haya," mshonaji alisema, na binti mwembamba akacheka huku machozi yanamtoka. Mshonaji hakucheka. Alikuwa anahesabu jambo. "Karani, ukifungua hiyo kompyuta asubuhi, wa kwanza ni nani?"

"Wiki hii yote ni mlinzi. Akitoka zamu anakuja hapa."

"Baada yake umewahi kupata watu wa mwingine? Wategemezi, siyo wafanyakazi wenyewe."

Karani akafikiri. "Jumatatu hapana. Jumanne..." Akaitazama kompyuta.

"Ni kama cherehani," mshonaji akasema. "Umebadilisha kitambaa, uzi ni ule ule uliotungwa asubuhi. Juu anabadilika, chini imemshika mlinzi mpaka jioni. Mwite mume wangu."

*

Injinia alikuja na daftari kwapani. Aliposikia kisa chote mbele ya benchi, kwanza alikataa. "Jana nimejaribu mwenyewe."

"Ulifungua ukachagua nani?" mkewe akamwuliza.

"Nilijichagua mimi."

"Baada yako?"

Baada yake hakumchagua mtu. Hata wakati wa kutengeneza, hakuwahi kuchagua mtu wa pili. Alikuwa akimwita meneja, anafunga, anafungua, anamwita meneja.

Alipewa kiti cha karani. Mke wa dereva alimsimamia begani, bandeji na yote, hataki kupitwa. Alipekua daftari mpaka siku ya nane ya mafunzo, akakuta mstari alioupigia alama ya kuuliza: ya kwanza ikibadilika, ya pili iamriwe isome upya. Siku ile hakuelewa isome nini upya, aliona haya kuuliza mbele ya vijana, akaupita. Sasa alitafuta mahali pa kuutia. Alikosea mara mbili, kompyuta ikamgombeza kwa maandishi mekundu, watu wakaguna. Mara ya tatu ikanyamaza.

"Mlinzi," mkewe akasema.

Akachagua mlinzi. Wakatoka mke kijana, mapacha na mama mkwe.

"Dereva. Usifunge."

Akachagua dereva bila kufunga. Orodha ya pili ikapepesa, akatoka mke wa dereva, majina yake matatu, na watoto. Mke wa dereva alijisoma mara mbili, akakaa chini kwenye sakafu na mguu wake, akasema, "Mungu mkubwa. Nilishaanza kugawa vyombo kichwani." Zahanati nzima ikacheka. Binti mwembamba naye jina lake likatafutwa, likaonekana, akaondoka mbio kwenda kuchukua mzigo wake kwa mama.

"Haya, Injinia," karani alisema, amefurahi, muhuri mkononi. "Tumalize na mama wa nyumbani kwako, yeye ndiye fundi wa leo."

"Tuwahudumie hawa kwanza," mtunza stoo alisema. "Wana wagonjwa."

"Yeye si mgonjwa? Nipishe." Karani akakaa kitini kwake, akachagua mtunza stoo. Akasoma kwa ile sauti yake, maana hakuwa na nyingine. "Mama mzazi. Binti, miaka kumi na saba. Binti, miaka kumi na moja. Ndugu, miaka ishirini na sita." Akateremsha kishale, akapandisha. Akasogeza miwani. "Wanne."

Watu waliendelea kucheka kidogo, halafu mmoja mmoja wakaacha.

"Imekwama tena?" mke wa dereva aliuliza kutoka sakafuni.

"Haijakwama," karani alisema.

Mtunza stoo alikuwa amesimama pembeni ya meza, daftari amelishika kwa mikono miwili. "Nafasi zilikuwa nne," alimwambia mkewe. Hakuwaambia wengine, lakini wote walisikia. "Tulipoletewa fomu mwaka jana. Mama ana presha. Watoto ni watoto. Na mdogo wangu meno yalikuwa yanamuua. Wewe ulikuwa huumwi. Nikasema, mwenzangu haugui. Nikasema nafasi ikipatikana."

"Jumatano ulijua," mshonaji alisema.

"Nilijua wewe hukuwamo. Huyo mwingine ndiye aliyenichanganya. Nikadhani Mungu ananionyesha kitu." "Nilishindwa kukwambia."

Siku mbili mshonaji alikuwa akimwogopa mwanamke ambaye hakuwapo. Sasa alitamani kidogo angekuwapo, maana yule angeweza kumkasirikia. Huyu mume aliye mbele yake hakuwa amemwacha kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuwa amewapanga watu wake wanaohitaji, akafika wanne, na yeye akawa ndiye anayewashonea.

"Sasa mashine imepona?" akamwuliza karani.

"Imepona, mama."

"Basi nimeelewa." Akachukua begi lake.

"Usiondoke," karani alisema, akavuta mtoto wa meza. "Ipo fomu ya mabadiliko. Akijaza sasa nampelekea afisa utumishi mwenyewe, anasaini leo, Jumatatu unapata muhuri. Jumanne unamwona daktari. Ila mmoja lazima atoke."

Mtunza stoo aliwekewa fomu mbele ya dirisha, upande wa nje, mahali wanaposimama wagonjwa. Penye jina la anayeondolewa hakusita sana. Aliandika la mdogo wake, kwa ule mwandiko mzuri, ingawa alijua jioni uani kutakuwa na maneno. Penye anayeongezwa aliandika jina la mkewe la kwanza. Akaandika la baba yake. La tatu likamsimama kidogo, likaja.

"Mwaka wa kuzaliwa," karani alisema, kidole kwenye mstari. "Na tarehe."

Mtunza stoo aliinamia karatasi. Kalamu iligusa mstari ikaacha nukta ya wino, ikainuka. Aliijua tarehe ya mama yake. Ya mabinti aliijua, na saa walizozaliwa. Aligeuka akamtazama mkewe.

Mshonaji aliiona ile nukta. Alimwacha ageuke vile, amtazame, benchi zima likimtazama yeye, kwa muda ambao ungetosha kumwambia tarehe hiyo mara kumi. Uvimbe ulipanda ukashuka alipomeza. Kisha akasogea, akasimama karibu na bega lake, akaanza kumtajia taratibu, siku kwanza, ili apate kuandika.